Udongo wa Nyuma ya Jiko

Sokoni walimpa jina la Mama Prise, yaani mama wa soketi ya umeme, na walioanzisha jina hilo nawajua mmoja mmoja. Solange alikuwa akiuza viazi vya Lubero katika soko kuu la Butembo, kwenye meza aliyoachiwa na mama yake. Mteja angekuwa amekwisha kuchagua, beseni limejaa, wanabishana bei kwa raha zao, mara wingu jeusi linajitokeza juu ya milima. Solange anafunika viazi kwa turubai, anasema, "Mungoye kidogo, nakuya," halafu anatoka mbio. Mama mtu mzima, tena mnene, anapanda kilima cha mtaa wetu huku kitenge kimekunjwa mpaka magotini, na wenzake nyuma wanapiga kelele: "Mama Prise! Kimbia, courant isikutangulie!" Akifika nyumbani anapiga magoti chini ya meza, anachomoa nyaya zote ukutani, kisha anabaki amekaa sakafuni hadi pumzi zimrudie.

Na Butembo si mji wa mvua ya kubahatisha. Msimu ukianza, inanyesha karibu kila alasiri. Piga hesabu mwenyewe huyo mama alikimbia mara ngapi.

Mimi ni Mariette, jirani yake. Kati ya jiko langu na lake kuna ua wa matete tu, na tumepitishiana moto, chumvi na habari juu ya ua huo tangu tulipoletwa hapa tukiwa maharusi wote wawili. Haya ninayosimulia sikuyaokota njiani. Mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe, na mengine niliyasikia kwa sababu matete hayazuii sauti.

Alichokuwa anakikimbilia ni kompyuta ya binti yake, Nadège, mtoto pekee waliyemlea yeye na mumewe Éphraïm. Nadège alikuwa mwalimu Oicha. Aliinunua kompyuta ile ya mezani ikiwa imetumika, imetoka Kampala, akaiweka sebuleni kwa wazazi wake kwa sababu kule Oicha alikuwa amepanga chumba ambacho mlango wake hata kuku angeufungua. Kila alipokuja likizo alikaa mbele yake na kujirekodi akisimulia hadithi za Kinande, lugha yetu, alizoachiwa na bibi yake, ili awapelekee kwenye simu watoto waliokimbia vita vijijini mwao, wale waliokuwa wamejazana darasani kwake bila vitabu. Éphraïm, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa fundi mitambo. Anabonyeza kuanza, anabonyeza kumaliza. Lakini alikuwa anazama ndani ya hadithi kama mmoja wa watoto wenyewe, anasahau kazi yake, na kila hadithi ikaishia Nadège anacheka na kumwambia, "Papa, zima basi." Maneno hayo yalibaki mwishoni mwa kila hadithi. Hakuna aliyejisumbua kuyakata.

Alirudi kazini baada ya Pasaka. Gari lilipita Beni, likapita Mavivi, na Oicha halikufika. Lilichomwa moto barabarani pamoja na waliokuwamo. Walichokipata wale waliokwenda kuwaokota kilizikwa kulekule, katika kaburi moja la watu wote, na barabara ikafungwa, hivyo wazazi wake hawakutupa hata konzi ya udongo. Tulikaa matanga hapa Butembo bila mwili. Tuliimba, tulilia, tulipika, na kila mtu alikuwa anaangalia mlango kana kwamba kuna jambo limesahaulika.

Matanga yalipokwisha, Éphraïm akawasha kompyuta.

Tangu hapo, kila alasiri, mimi nikiwa naparua samaki au nachambua maharage, nilimsikia Nadège ng'ambo ya ua akisimulia habari za sungura na fisi kwa Kinande chake safi. Kisha anacheka. Kisha, "Papa, zima basi." Kisha nilimsikia Éphraïm akipenga kamasi. Mume wangu alisema si vizuri, mzee atapata wazimu. Nikamwambia mume wangu aangalie mambo yake.

Sasa, umeme wetu. Tuliungoja miaka na miaka, tukiishi kwa jenereta ya jirani iliyokuwa inakohoa kuliko kuwaka, na siku nguzo zilipofika mtaani wanawake tulipiga vigelegele. Hatukujua tunapigia nini. Mara umeme unakuwa dhaifu, taa inabaki nyekundu kama kaa la moto, mara unaondoka, halafu unarudi ghafla kwa nguvu zote na kuunguza ulichokikuta. Televisheni ya Kasika, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ilitoa moshi mbele ya watu waliokuja kuangalia mpira. Éphraïm alikuwa mmoja wa watu hao. Alirudi nyumbani anatetemeka, na hakuwa anailia televisheni.

Akafanya kila alichoweza. Alinunua stabilisateur, lile sanduku la kutuliza umeme, zito kama jiwe la kusagia. Akanunua na parafoudre, kifaa cha kuzuia radi. Watu wakamshauri azitoe hadithi, aziweke mahali pengine pia, kwenye flash. Akakataa kabisa. Zamani flash ya ofisi moja ya kuchapa mjini ilimletea virusi vikala mitihani yake yote, na tangu siku hiyo flash kwake ilikuwa kitu kichafu. "Hakuna mutu ataingiza flash mu mutoto yangu," alisema, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu akisema hivyo: mu mutoto yangu. Ungembishia nini mtu kama huyo?

Fundi aliyeitwa ni Phinées, kijana mpole aliyekuwa anajulikana kwa kazi safi. Alifika siku Éphraïm ameenda Lubero kumletea mke wake viazi. Phinées akaangalia vifaa, akavisifu, kisha akamweleza Solange kwamba vyote ni mapambo kama havina terre. Chuma kirefu cha shaba kinatakiwa kuingia ardhini mpaka chini, kwenye udongo wenye maji, na waya wa kijani na manjano ukiunganishe na nyumba. Radi ikija, inashuka ardhini na kuiacha kompyuta. Udongo mkavu hauipokei. Akaizunguka nyumba yote akichimbua hapa na pale kwa kisigino. Kilima chetu ni mawe na changarawe, hata mihogo inalalamika. Alipofika nyuma ya jiko la Solange, chini ya migomba, akainama, akachukua udongo, ukamshika vidoleni. Akafurahi.

"Mama, hapa njo yenyewe! Udongo iko na maji mpaka chini. Terre itakamata bien."

"Hapa hapana," Solange akasema.

"Mais juu ya nini, Mama? Hakuna fasi ingine ya muzuri."

"Nimesema hapa hapana."

Mimi nilikuwa ng'ambo ya ua na mwiko mkononi. Nilijua ni kwa nini.

Kabla ya Nadège, Solange alizaa mtoto mwingine, wa kwanza, na mtoto huyo alitoka kimya. Wakati ule, kwetu, mtoto wa namna hiyo hakuliliwa. Wanawake walimchukua, wakamzika wenyewe karibu na nyumba, baba hakuonyeshwa mahali, na mama aliambiwa anyamaze ili tumbo lisije likajifunga. Jembe nililishika mimi. Éphraïm aliambiwa mtoto hakukaa. Akainamisha kichwa, akaenda shule kufundisha. Wanaume hawakutakiwa kuuliza, na yeye alikuwa mtu wa kutii. Kisha Nadège akazaliwa, na kila siku Solange akimaliza kumwogesha nilimwona anabeba beseni, anazunguka nyuma ya jiko, anamwaga maji mahali palepale, taratibu. Nilimuuliza siku moja kwa nini asimwage karibu. "Naogesha na mukubwa wake," akanijibu, akaingia ndani. Nadège alikua, akaanza kuoga mwenyewe, lakini Solange hakuacha. Maji ya kunawa, ya kufua, ya kuosha sahani, yote aliyapeleka pale. Udongo aliousifu Phinées, huo unaoshika vidole, haukuletwa na mvua. Ulikuwa ni kazi ya mikono yake.

Na sasa kijana wa watu amesimama pale, ameshika chuma kirefu na nyundo, anataka kukipigilia.

Phinées alikipigilia mbele ya nyumba, kwenye changarawe. Kiliingia kufika goti, kikagonga jiwe, kikapinda. Akakata kilichobaki, akafukia, akaunganisha waya. Kwa nje kazi ilikuwa nzuri, ungedhani ni ya ofisi ya serikali. Kabla hajaondoka akamwambia Solange kwa sauti ya chini, "Mama, hii ni terre ya jina tu. Mvua ikikaribia, uchomoe yote. Na Papa umwambie."

Hakumwambia. Amwambie nini? Angeanza na chuma, Éphraïm angeuliza kwa nini si nyuma ya jiko, na hapo kinywa kilichofungwa tangu ujana wake kingelazimika kufunguka. Kwa hiyo Éphraïm aliporudi kutoka Lubero aliuona waya wa kijani na manjano umeingia ardhini, akausifu, akaenda kujitamba kwa Kasika. "Siye tuko na terre," alisema kila mahali, hata kanisani. Phinées naye akahamia Beni, kazi zilikuwa nyingi huko. Na Solange akaanza kukimbia.

Éphraïm mwenyewe alikuwa anamcheka, masikini, kwa upendo. "Mama Nadège, unaogopa nini? Terre iko!" Naye alikuwa anachomoa tu. Niliona anakonda uso. Wingu tu likipita kwenye jua, shingo inageuka. Sokoni wanapiga kelele, Mama Prise, Mama Prise, na mimi nilitamani kuwamwagia maji ya moto.

Siku jambo lilipotokea, Solange ndiye aliyekuwa Lubero. Éphraïm alikuwa anaumwa mgongo, asingeweza kusafiri juu ya magunia. Solange alikuwa amesimama na wenzake wanapakia viazi kwenye lori, akaona milima ya upande wa Butembo imefunikwa, nyeusi tii, na radi zinaruka ndani yake. Akapiga simu.

"Papa Nadège, chomoa ordinateur."

Nyuma ya sauti ya mumewe alimsikia binti yake akisimulia.

"Usihangaike, Mama. Tuko na terre."

"Chomoa tu. Nakuomba."

"Ndiyo, ndiyo. Anakaribia kumaliza."

Solange aliniambia kwamba neno lilifika hapa, akanionyesha koo lake. Terre ni ya jina tu. Maneno matano. Lakini wafanyabiashara walikuwa wamemzunguka, na neno hilo lingevuta lingine, na lingine lingemtoa mtoto wake wa kwanza hadharani mbele ya wauza viazi. Akasema tena, "Nakuomba." Kisha simu ikakatika.

Mimi nilikuwa jikoni. Mwanga na mlio vilikuja pamoja, sufuria zikaruka rafuni. Nilipotoa kichwa nje, mvua ilikuwa inamwagika na ng'ambo ya ua hapakuwa na sauti ya mtu yeyote. Nilipita kwenye tundu la ua nikaingia kwao bila kubisha hodi. Sebule ilinuka plastiki iliyoungua. Éphraïm alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya kioo cheusi, mkono mmoja umening'inia karibu na ukuta. Nilidhani amekufa. Akanigeukia akaniambia, "Hakumaliza."

Kesho yake Solange alirudi, na kesho kutwa wakapanda gari kwenda Beni, yeye na Éphraïm, ile disc ya kompyuta, iliyohifadhi hadithi zote, wameifunga kwenye kitenge cha Nadège. Walikuwa wamempigia simu Phinées, akawaambia wailete, ana rafiki mwenye vyombo vya kufungulia. Solange aliibeba mapajani njia nzima. Watu ndani ya gari walimpisha nafasi bila kujua wanampisha kwa nini.

Phinées na rafiki yake walijitahidi. Waliifungua, wakabadilisha vipande, wakaiunganisha na mashine nyingine, wakangoja. Haikunguruma hata kidogo. Ndani palikuwa pameungua. Phinées alikuwa na machozi, na machozi yalimfanya aseme alichotakiwa kunyamazia.

"Papa, tungeliweka terre kulekule nyuma ya jiko. Nilimwambia Mama. Kule udongo ilikuwa muzuri."

Éphraïm alimwangalia mke wake. Solange aliangalia kitenge. Wakapanda gari kurudi Butembo.

Walifika jua likiwa bado juu. Éphraïm hakuingia ndani. Alizunguka nyumba moja kwa moja akaenda kusimama chini ya migomba, na mgongo wake ule mbaya. Solange akamfuata. Mimi nilikuwa jikoni kwangu, na ningekuwa mtu mwenye adabu zaidi ningeondoka.

"Hapa kuko nini, Mama Nadège?"

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache sana, na akanitaja na mimi, na jembe.

Éphraïm aliinua mguu, akarudi nyuma hatua moja.

"Miye napitaka hapa kila siku," akasema. "Natupaka hata maganda ya ndizi."

"Nilikuwa naokota."

"Alikuwaka mwanamuke ao mwanaume?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata hilo hatukumwambia. Miaka yote ile, sisi wanawake wenye busara zetu, hatukumwambia mtu kama alizaa mvulana au msichana.

"Mwanaume."

"Mwanaume," akarudia. Kisha sauti yake ikapanda, na mimi sikuwahi kumsikia akipandisha sauti nje ya darasa. "Weye ulikuwa naye! Ulimuogeshaka! Miye mulinikatalia juu ya nini? Alikuwa wa kwangu vilevile!"

Solange alipiga magoti. Alimwambia kwamba ni yeye aliyemmaliza Nadège, kwamba alichagua ule mtoto asiye na sauti akapoteza sauti ya mwingine, na kwamba kule Lubero alikuwa na neno mdomoni akalimeza. Éphraïm hakumwambia, "Si kitu." Nilishukuru, maana ilikuwa ni kitu kikubwa, na Solange angejua kwamba anadanganywa. Alishika mgomba kwa mkono, akashuka polepole mpaka na yeye akakaa chini.

"Kosa si ya terre peke yake," akasema. "Na miye niko na yangu. Radi niliiona. Mukono yangu ilikuwa tayari ku prise. Ningelichomoa."

"Sasa juu ya nini haukuchomoa?"

"Nilikuwa nangoya aniambie."

Solange hakuelewa, au alielewa akaogopa.

"Ilibakia kidogo tu," Éphraïm akasema. "Nilisema, acha kwanza aniambie, Papa, zima basi. Kila siku ananiambia, njo nazima. Sikuwezaka kumukata mudomo."

Nikaweka mwiko chini na kulia, mimi peke yangu, ng'ambo ya matete.

Asubuhi yake nilimwona Éphraïm anatoka ndani amebeba beseni la maji aliyonawia uso. Mzee wa kanisa, mchana kweupe, na beseni la wanawake. Wapita njia waligeuza vichwa. Alizunguka nyuma ya jiko, akauliza kwa sauti, "Hapa, ao mbele kidogo?" na Solange akamjibu kutoka dirishani, "Mbele kidogo." Akamwaga. Tangu hapo kazi hiyo ni yake. Waya wa kijani na manjano bado umeingia kwenye changarawe mbele ya nyumba, hakuna aliyejali kuung'oa.

Sokoni habari zilifika kabla ya Solange. Wiki ile wingu likatokea upande wa milima, na ngurumo ya kwanza ikasikika mbali. Solange alikuwa anampimia mtu viazi. Akaacha. Akafunika meza kwa turubai, akakunja kitenge, akakimbia. Safari hii hakuna aliyecheka. Waliangalia chini, hata wale niliowataja mwanzoni, na mimi niliyekuwa nimekuja kununua maharage nikamfuata mbio, umri wangu huu.

Nilimkuta amepiga magoti chini ya meza ya sebuleni. Juu ya meza hapakuwa na kitu, palibaki alama tu ya mraba mahali ambapo vumbi halikuwa limefika. Mkono wake ulikuwa unapapasa ukutani, unatafuta nyaya, na mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Éphraïm alitoka chumbani, akainama kwa shida, akaushika ule mkono.

"Simama, Mama," akamwambia. "Hakuna tena kitu ya kuzima."